Unauza nyumba? Shusha picha za familia ukutani kabla dalali hajaleta mteja

#1 MwanaTabata (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Kazi yangu ni kuandaa nyumba za watu kabla hazijaingia sokoni hapa Dar: Tabata, Segerea, Kimara, Mbezi Beach, mara mojamoja Kigamboni. Udalali sifanyi na asilimia ya mauzo sichukui. Mwenye nyumba ananiita, tunatoa vitu, tunapanga, tunapaka rangi panapohitaji, halafu nyumba inapigwa picha. Nimeleta uzi huu kwa sababu kwenye magrupu ya madalali ya WhatsApp na kule Instagram naona nyumba nzuri zikiporomoka bei kwa vitu vilivyotundikwa ukutani, na inaniuma, maana wengi wanaouza wanauza kitu kimoja walichokijenga maisha yao yote.

Mteja akiingia sebuleni kwako, macho yake yanakimbilia sura za watu kabla hajaangalia dari wala madirisha. Ataangalia picha ya harusi, ya binti na joho la mahafali, ya babu ameshika fimbo. Hata soda hajamaliza, ameshajua dini yenu, kabila lenu, mna watoto wangapi, nani amesoma na nani amefariki. Mwulize akiwa getini anatoka: sebule ina madirisha mangapi? Hakumbuki. Lakini yale aliyoyajua kuhusu ninyi anayakumbuka yote, na anakwenda kuyatumia kwenye bei.

Kuna nyumba moja Tabata, vyumba vinne, hati ipo, gari inafika mlangoni. Juu ya televisheni palikuwa na picha kubwa ya marehemu mzee wa nyumba, fremu ya rangi ya dhahabu, chini yake tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki, na ratiba ya mazishi bado imechomekwa kwenye kona ya fremu. Mteja akasimama pale, akasoma tarehe taratibu, akamgeukia dalali: "Kumbe hii ni mirathi. Watoto wako wangapi?" Basi, vyumba havikuzungumzwa tena. Ikawa nani msimamizi wa mirathi, wangapi wameridhia, mzee alikuwa na mke mwingine? Msimamizi alikuwepo, ameteuliwa na mahakama, karatasi zote ziko kwenye bahasha. Lakini mteja alishaona familia yenye haraka ya kugawana hela, na ofa yake ikaja imeshuka.

Nieleweke vizuri hapa. Swali la mirathi ni la haki na lazima lijibiwe kwa ukweli, karatasi zikiwa mezani, kabla hata senti moja haijatoka. Ila mahali pake ni kwenye kikao cha karatasi, na mteja awe ameshaiona nyumba. Fremu ikimjibu mlangoni, anaanza kupatana bei ya shida zenu badala ya bei ya nyumba.

Vitu vinavyotakiwa kutoka ukutani. Picha zote za watu, walio hai na waliotangulia, za harusi, za sendofu, za kipaimara, za maulidi, zile kanvasi kubwa za bwana na bibi harusi chumbani. Vyeti vilivyowekwa fremu. Kalenda za chama, za benki, za parokia. Picha ya Moyo Mtakatifu, fremu ya Ayatul Kursiyy, tasbihi na rozari zinazoning'inia mlangoni. Hili la dini najua ni zito na nalisema kwa heshima zote: huiondoi imani yako, unaifungia kwenye sanduku safi, juu kabatini, unaendelea kusali kama kawaida. Unafanya hivyo ili mtu wa dini nyingine asijione mgeni ndani ya nyumba unayotaka aione kuwa yake.

Chumba cha kijana kilichopakwa kijani na njano kwa ajili ya Yanga, au chekundu kwa ajili ya Simba, kinarudi kuwa krimu. Mnazi wa timu ya pili akikifungua anafunga mlango hapohapo, na kwenye picha za simu rangi kali hukifanya chumba kionekane kidogo kuliko kilivyo.

Halafu kuna vitu ambavyo mwenye nyumba havioni kabisa kwa sababu amevizoea, na hivi ndivyo navitafuta zaidi. Mlango wa friji uliojaa kadi za michango ya harusi. Namba za simu za fundi gesi na boda zilizoandikwa kwa peni ukutani karibu na swichi. Karatasi yenye namba ya mita ya LUKU imebandikwa kwa gundi. Mistari ya urefu wa watoto kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Vitambaa vya kudarizi juu ya kila kochi. Mifuko ya dawa za presha na sukari juu ya kabati la vyombo, na jina la mgonjwa limeandikwa. Mteja anasoma vyote hivyo. Dawa zinamwambia kuna mgonjwa anayehitaji hela haraka. Kadi za michango zinamwambia mna majukumu mengi. Hakuna anayemlaumu kwa kusoma, ninyi ndio mmemwekea.

Nje sasa. Kama ukuta au geti limeandikwa NYUMBA HII HAIUZWI, EPUKA MATAPELI, lifute kabla ya jambo lingine lolote, na ulifute hadi lisionekane. Dar tunaandika maneno haya kwa sababu tunazozijua: ndugu mmoja anauza kwa siri, tapeli anamzungusha mtu kwenye nyumba isiyo yake. Mteja akiona kivuli cha herufi zile chini ya rangi mpya atauliza ni nani aliandika na alikuwa anamzuia nani. Kuwa na jibu la kweli, maana majirani wanakumbuka, na ataenda kuwauliza.

Sasa msichanganye maandishi hayo na alama ya X nyekundu. Hiyo X imewekwa na mamlaka, inahusu hifadhi ya barabara au bomoabomoa, na kuipaka rangi ili mteja asiione ni utapeli kamili. Watu wa Kimara wanaojua yaliyotokea mwaka 2017 Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa hawahitaji maelezo. Mimi na msaidizi wangu tukikuta mwenye nyumba anataka kuficha X, tunafunga vifaa tunaondoka.

Ninayofanya mimi yana mpaka huo: kinachohusu familia kinaondoka, kinachohusu nyumba kinabaki waziwazi, kizuri na kibaya. Nakaribisha maswali na wenye uzoefu tofauti.

#2 Mkazi wa Kimara

Mkuu, nimesoma yote, na asante kwa kuitaja X. Ila mimi bado nina ubishi. Hapa kwetu mtu ananunua kiwanja, hati na barabara. Mapazia na picha vina uhusiano gani na bei? Nyumba yenyewe wengine wanabomoa.

#3 MwanaTabata

Mkuu, kwa anayenunua ili abomoe uko sahihi kabisa, usipoteze hata ndoo moja ya rangi. Hati, barabara, maji na jirani ndivyo vinavyoamua kama mtu atakuja. Nazungumzia anayenunua ili ahamie. Huyo siku hizi anaona kwanza picha kwenye simu, nyumba nyingi kwa mpigo, anachagua mbili tatu za kwenda kuziona, na kule anaenda na mkewe. Kama kwenye picha ya sebule kinachoonekana ni kabati la vyombo limejaa seti za harusi mpaka juu, makochi saba na fremu kumi na mbili, hawezi kujua kama chumba kina upana gani. Nyumba yako inarukwa kabla hati haijaulizwa.

#4 Fundi wa Goba

Mimi ni fundi rangi, naomba niongezee upande wangu maana watu wanashusha picha halafu wanatuita siku ya mwisho.

Ukishusha fremu iliyokaa ukutani miaka mingi inabaki alama ya mraba, ndani rangi ya zamani imebaki mbichi, nje imepauka kwa jua na moshi. Hapo hakuna kiraka. Usinunue lita moja ukapaka ule mraba, utaonekana zaidi. Unapaka ukuta mzima kuanzia kona hadi kona. Misumari ya zege usiing'oe kwa kuiyumbisha, inatoka na plasta. Zungusha kwa koleo taratibu, shimo liwe dogo, jaza skimu, acha likauke, msasa, praima, ndipo rangi. Ukiruka praima, pale ulipojaza panafyonza rangi na panabaki na doa lisilong'aa, na mwanga wa dirishani unalionyesha.

Kwa ukuta laini, ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji inafika kama mita za mraba 100 kwa mikono miwili. Kijani cha Yanga hakifunikwi kwa mikono miwili ya krimu, mkono wa kwanza uwe praima nyeupe.

La mwisho, na hili naomba mlisikie. Ukuta ukiwa unatoa chumvi chini, rangi inavimba na kubanduka, usinipigie simu nije nifunike ili uuze. Nimeshakataa kazi za hivyo. Mvua za masika zikija chumvi inarudi juu na mnunuzi anakuja kunitafuta mimi. Ama utibu unyevu, ama uuache uonekane na ushushe bei kwa haki.

#5 MwanaTabata

Fundi, ubarikiwe. Aliyeandika #4 amemaliza sura nzima ambayo mimi ningeieleza vibaya. Wanaotaka kuuza wamsome mara mbili.

#6 Dada wa Segerea

Dada au kaka mleta mada, mimi nina jambo ambalo linaniumiza. Nyumba ni ya wazazi, baba alishafariki, mama yupo na ndiye anayekaa pale. Wote tumekubaliana kuuza, mama mwenyewe ndiye aliyeanzisha, anataka kwenda kukaa karibu na dada yetu Morogoro. Lakini nilipogusa tu picha ya baba pale sebuleni mama alinyamaza, akaingia chumbani, na hakutoka kula. Sijagusa tena. Dalali anasema ataleta watu wiki ijayo. Nafanyaje?

#7 MwanaTabata

Pole dada yangu. Shikamoo kwa mama.

Kwanza mwambie dalali asogeze. Mama hapangiwi wiki na dalali.

Ninavyofanya kwenye nyumba zenye mzazi: sishushi mimi, na watoto nao hawashushi. Namwomba mama mwenyewe aniambie ni chumba gani baba atakaa. Huwa ni chumba chake cha kulala. Tunaihamishia picha kule kwa mkono wake, inawekwa mahali pazuri, panafutwa vumbi, na chumba hicho ndicho cha mwisho kuonyeshwa, tena kwa mteja aliyerudi mara ya pili tu. Kwenye picha za simu hakipigwi kabisa. Mama akiona kwamba baba hajawekwa kwenye boksi stoo, mengine yote anayakubali mwenyewe. Nimeona kina mama wakianza wao kusema, haya na kalenda hizi toeni.

Halafu siku ya kuleta watu, mama asiwepo sebuleni akisikiliza wageni wakisema choo kidogo, jiko la kizamani. Mpelekeni kwa shangazi, kwa jirani, popote anapopapenda. Maneno hayo yanamchoma mtu aliyeijenga hiyo nyumba tofali kwa tofali.

Na kwa wanaosoma ambao wazazi wote wako hai: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni lake peke yake. Ukianza kushusha picha za harusi za mama ilhali mama hajaridhia kuuza, hapo hauandai nyumba, unaandaa kesi.

#8 Dada wa Segerea

Asante sana. Nimesoma na dada yangu tukiwa wote. Chumba chake, tena upande wa dirisha, najua atapachagua hapo.

#9 Bint Mkunazini

Assalaam alaykum wakubwa. Miye niko Unguja, na hapa Mji Mkongwe lazima niweke tahadhari, kwa sababu nimeona watu wanasoma shauri za Dar wanakuja kuzitumia kwenye nyumba za mawe na wanaharibu.

Zidaka za ukutani, yale matundu ya kuwekea vitu yaliyojengwa ndani ya ukuta, si pambo la familia. Mlango wa nakshi si pambo la familia. Boriti za dari, baraza ya nje, vile vioo vya vidirisha vya juu, hivyo ndivyo anavyokuja kuvinunua mtu. Mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na huwezi kubadili sura ya nyumba bila ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nimeona mwenye nyumba amezipiga zidaka saruji akazisawazisha ili ukuta "upendeze", kisha akazipaka rangi ya mafuta. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa inahitaji kupumua. Ukiifunga kwa saruji na rangi ya mafuta, maji yanabaki ndani ya ukuta na plasta inaanguka. Paka chokaa, basi.

Vilivyomo ndani ya zidaka hivyo ndivyo vya kutoa: picha za mahujaji wa familia, vikombe vya bibi, chupa za marashi. Bakisha kitu kimoja au zidaka tupu kabisa, zinapendeza zenyewe. Na udi, jamani. Najua tunaupenda. Lakini usifukize asubuhi ya siku ya mteja. Wapo wanaoumwa kichwa, wapo wanaodhani unaficha harufu ya unyevu. Fungua madirisha tangu alfajiri.

#10 MwanaTabata

Alaykum salaam. Bint Mkunazini, hili ni muhimu mno na nakubaliana nawe kwa kila neno. Hata huku bara zipo nyumba za zamani zenye sakafu ya terazo ambazo watu wanazifunika kwa vigae vya bei rahisi ili waziuze. Iacheni terazo, ing'arisheni. Ya nyumba ni ya nyumba.

#11 Jirani wa Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Huku wanunuzi wengi wako Ghuba, mtu yuko Muscat au Doha anafanya kazi, anataka kuwanunulia wazazi wake nyumba. Haji. Ananunua kwa video, nduguye akizunguka na simu. Kwa hiyo kila kitu kinachosemwa hapa kwenye video kinakuwa maradufu. Kamera inapita kwenye kioo cha kabati, inaonyesha kitanda hakijatandikwa. Inapita mezani, pana barua ya benki yenye jina na deni. Mwambieni anayeshika simu atembee mara moja bila kurekodi kwanza.

#12 MswahiliMinnesota

Ndugu zangu, niko Marekani, na huku kuandaa nyumba kabla ya kuuza ni kazi inayojitegemea tangu miaka ya 1970. Watu wanalipwa, samani zinakodishwa. Jambo la kwanza wakala anakwambia ni ondoa picha zenu.

Ila nataka kusema kitu ambacho kinagusa ngozi zetu. Mwaka 2020 kule Marin City, California, familia moja ya Wamarekani Weusi iliitisha tathmini ya nyumba yao kwa ajili ya mkopo. Ikathaminishwa dola 995,000. Hawakuridhika. Wakaondoa picha zao na sanaa za Kiafrika, rafiki yao mzungu akaleta picha za familia yake, akampokea mthamini wa pili kama vile nyumba ni yake. Ikathaminishwa dola 1,482,500. Nyumba ileile, wiki chache tu baadaye. Walifungua kesi, na mwaka 2023 ikamalizwa kwa makubaliano. Na Sheria ya Makazi ya Haki ya mwaka 1968 ipo huku miaka yote hiyo.

Kwa hiyo mimi nilipouza, niliondoa vinyago vya Kimakonde na khanga niliyoiweka fremu, na iliniuma sana, kwa sababu swali lilikuwa si uzuri wa nyumba. Nawaambia Waswahili wenzangu walio huku: fanyeni, linda thamani ya jasho lako. Lakini msiwafundishe watoto kwamba vile vitu vilikuwa aibu. Mimi niliwaita wanangu, tukavifunga pamoja, nikawaeleza sababu yenyewe bila kuificha.

#13 MwanaTabata

MswahiliMinnesota, nimekaa kimya kidogo baada ya kusoma. Asante kwa kuleta hili lenye tarakimu. Hapa kwetu mthamini hapunguzi kwa rangi ya ngozi, lakini kabila na dini ya mwenye nyumba vinasemwa kwenye gari mteja akirudi, na vinaingia kwenye ofa. Nimesikia kwa masikio yangu: "Hawa watu wa kule, utapeli ni wao." Kwa sababu ya fremu ya ukoo ukutani. Ndiyo maana naendelea kusisitiza.

#14 Kijana wa Chanika

Mimi swali. Si ndiyo kuficha? Tunamlaumu anayefuta X halafu tunasifu anayeficha picha ya marehemu. Naona ni kitu kimoja.

#15 MwanaTabata

Swali zuri, mkuu, na nafurahi umeliuliza wazi.

Jiulize: mnunuzi akishahamia, kitu hicho kitamdhuru? X itamvunjia nyumba. Unyevu utamla ukuta. Mgogoro wa mpaka na jirani utampeleka baraza la ardhi. Mirathi isiyokamilika itamletea mtoto wa nje mlangoni na amri ya mahakama. Hivyo vyote anapaswa kuvijua kabla ya kulipa, hata asipouliza. Picha ya mzee, cheti cha binti, dawa za mama, rozari, haviko kwenye nyumba anayonunua. Vitaondoka na wenyewe siku ya kukabidhi funguo. Hana haki navyo.

Na kuna upande wa watoto. Dalali akishapiga picha, inaenda kwenye magrupu na kurasa na hairudi. Sura ya mwanao akiwa na sare yenye jina la shule, iko pale ukutani, inazunguka na ramani ya nyumbani kwenu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, lakini kabla ya kwenda kulalamika popote, shusha fremu. Hata cheti: jina kamili, namba, chuo, mwaka. Tapeli anahitaji nini zaidi?

#16 Kijana wa Chanika

Hapo nimekuelewa. Kipimo cha mnunuzi akishahamia nakichukua.

#17 Mjukuu wa Kibosho

Wakuu, sisi tuna nyumba Moshi, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo. Makaburi ya babu na bibi yako pale chini ya migomba, yamejengewa vigae na misalaba. Wajomba wawili wanataka kuuza. Mmoja kasema tuzungushie ua wa michongoma makaburi yasionekane kwenye picha. Mnasemaje?

#18 MwanaTabata

Mkuu, hapana. Kaburi haliingii kwenye mada ya mapambo hata kidogo. Kulifukua kunahitaji kibali cha mamlaka na ridhaa ya ndugu, si jambo la kufanya Jumamosi na vijana wa mtaa. Kulificha kwa michongoma ni kumuuzia mtu ardhi yenye kaburi bila yeye kujua, na akigundua atadai hela yake na anaweza kushinda. Kaeni kikao cha ukoo kwanza. Kama mnauza, mteja aambiwe kwenye simu ya kwanza, kabla hajapanda basi. Kuna wanaokubali na eneo la makaburi linakatwa linabaki la ukoo na njia ya kufikia, imeandikwa kwenye mkataba mbele ya wakili. Na kama kwa wazee wenu kihamba hakiuzwi, basi wasikilizeni wazee kabla ya kunisikiliza mimi.

#19 Mzee wa Kigamboni

Mwanangu, uzi wako nimeupenda. Geti langu nilichomelea herufi za majina yangu na ya mama watoto, kubwa, katikati kabisa. Na vitu nikishavitoa niviweke wapi, maana bado naishi humu?

#20 MwanaTabata

Shikamoo mzee wangu.

Vitu kwanza. Usivirundike kwenye chumba kimoja ukakifunga, mteja akikuta mlango uliofungwa anadhani kuna ufa. Tafuta maboksi magumu ya dukani, kila fremu ifungwe kwa shuka au kitenge, kioo kwa kioo, uso kwa uso, uandike kwa juu chumba ilikotoka. Kabla ya kushusha piga picha ukuta ulivyo ili huko mnakohamia mpange vilevile mkitaka. Maboksi yaende kwa mtoto au ndugu unayemwamini. Vinavyobaki ni vya kutumia kila siku: godoro, sufuria chache, nguo za msimu. Dawa na karatasi za benki ziwe kwenye mkoba mmoja unaotoka nao mteja akija. Hati yenyewe isikae nyumbani siku za watu kuingia na kutoka, onyesha nakala.

Geti. Fundi wa kuchomelea azikate herufi, asage mabaki ya welding hadi yawe sawa na bati. Zikiwa zimekatwa ndani ya bati lenyewe, azibe kwa bati la unene uleule kutokea ndani. Halafu paka geti zima, pande zote mbili, rangi ya kuzuia kutu kwanza. Ukipaka katikati peke yake jua la Kigamboni litaonyesha majina yenu kila saa kumi jioni. Herufi zenyewe mwambie fundi asiziuze chuma chakavu, akupe uondoke nazo.